Springi ya Mama Rangi

Hospitali nzima ilimwita Bawaba, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa fundi wa vyuma vya miguu. Mtu aliyevunjika vibaya, au aliyepooza, au aliyezaliwa na mguu usiosikia amri, aliteremshwa kwenye karakana yake, chumba kirefu nyuma ya jengo la mazoezi, kinachonuka gundi, ngozi na plasta mbichi. Humo Bawaba alimpima, akamfinyangia ganda la paja, akampindia vyuma viwili vya ubavuni, akavitia bawaba penye goti. Bawaba zake hazikulia. Kabla ya kumkabidhi mgonjwa alizisogeza sikioni, akazikunja na kuzikunjua polepole, na zikitoa hata mlio wa panya alizifungua upya.

"Mgonjwa ana maumivu yake tayari," alizoea kusema. "Chuma nacho kikianza kulalamika, nani atamsikiliza nani?"

Katika kazi zote alizowahi kufanya, hakuna aliyojivunia kama mguu wa Mama Rangi.

Mama Rangi alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara. Miaka mitatu nyuma, jukwaa alilosimama lilivunjika. Alianguka kutoka ghorofa ya pili, na ncha ya bomba la chuma ikamchana paja la kushoto upande wa mbele, ikaondoka na nyama. Haukuwa mkato wa kushonwa ukafunga. Nyama yenyewe ilitoka, kipande cha ukubwa wa kiganja. Mfupa ukapona, ngozi ikapona, msuli haukurudi. Msuli ukichanika kidogo hujiunga wenyewe, lakini ukiondoka kipande kizima mwili hukosa pa kuanzia, basi huziba pengo kwa kovu gumu, na kovu halivuti kitu. Mama Rangi alibaki na goti lililomwachia katikati ya hatua, kama mlango usio na komeo.

Bawaba alimtengenezea chuma. Alikirudia mara nne mpaka kikamkaa. Siku alipotoka karakanani kwa miguu yake, Mama Rangi alisimama mlangoni akawapigia kelele wagonjwa waliokaa kwenye benchi: "Mnamwona huyu? Mungu kaniachia mguu mmoja, huyu kanipa wa pili!"

Tangu hapo alikuja kila baada ya miezi miwili kukazwa na kubadilishiwa mikanda. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha mguu, akaanza kusimulia habari za wenye nyumba wanaotaka rangi ya maziwa, halafu wakishaiona ukutani wanasema maziwa haya siyo. Bawaba alikuwa mgane wa miaka sita, na nyumbani aliishi na mama yake tu. Siku hizo alicheka kuliko siku nyingine zote ukizijumlisha. Alijua tarehe za Mama Rangi bila kutazama kalenda, na asubuhi ya tarehe hizo alifagia karakana mara mbili. Hakujiuliza kwa nini.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mama yake alizaa wana wawili, lakini ukimsikiliza ungedhani alizaa mmoja na nusu. Yule mzima alikuwa mdogo, ambaye mama alimwita Daktari ijapokuwa hajawahi kumpa mtu hata kidonge. Udaktari wake ulikuwa wa vitabu. Aliongoza maabara ya chuo, ng'ambo ya uzio wa hospitali, na mwaka mmoja gazeti lilitoa picha yake amevaa koti jeupe. Mama akaikata, akaitilia fremu. Msumari ukakosekana, basi akateremsha cheti cha ufundi cha Bawaba, akakiweka juu ya kabati. "Kwa muda tu, mwanangu," alisema. Muda huo sasa ulikuwa unaingia mwaka wa pili.

Bawaba alikiacha hukohuko. Mambo hayo aliyazoea tangu utotoni. Yeye ndiye aliyetengeneza gari la waya, mdogo wake akawaeleza wageni jinsi gari linavyokwenda, na wageni wakamsifu aliyeeleza.

Basi siku moja Daktari alikuja karakanani mwenyewe, na kitu kimeelea ndani ya kichupa cha maji. Kilikuwa cheupe, chepesi, chenye matundu matundu.

"Unajua hiki ni nini, kaka?"

"Dodoki," Bawaba akasema.

Daktari akacheka mpaka akashika meza. "Kweli kabisa, dodoki! Hii ilikuwa nyama ya ng'ombe. Tumeiosha wiki nzima kwa dawa mpaka seli zote zikatoka, ukabaki wavu wake tu. Sasa tunachukua seli chache za msuli wa mgonjwa mwenyewe kwenye mguu mzima, tunazipanda humu, halafu daktari wa upasuaji anakwangua lile kovu na kushona wavu mahali pake. Seli zinapata pa kushika. Zinafuata nyuzi. Msuli unaota upya, na wavu wenyewe unayeyuka taratibu."

Bawaba alikigeuza kichupa mwangani. Kwa haki, kilikuwa kitu kizuri. Mkono wa fundi unaitambua kazi safi hata kama moyo hautaki.

"Tumeruhusiwa wagonjwa sita," Daktari akaendelea. "Wa kwanza nimeshampata. Yule mama anayepaka rangi."

Moyo wa Bawaba ukafanya paa.

"Lakini bila wewe haiwezekani," mdogo wake akasema. "Msuli mpya ni kama mtoto anayejifunza kutembea. Ukimbeba kila siku, hatembei. Ukimwachilia siku ya kwanza, ataanguka aumie. Nataka chuma chenye springi gotini. Mwanzo springi ifanye kazi yote, halafu kila wiki uilegeze kidogo, msuli ubebe zaidi. Wiki ya kumi na mbili springi haifanyi kitu. Baada ya hapo anavua."

"Anavua?"

"Anavua, kaka! Ndiyo maana yake. Hatakihitaji tena."

Aliyasema kwa furaha, kama anayemletea mwenzake zawadi.

Mama Rangi naye alipokuja kupimwa hakuweza kutulia kwenye kigoda. "Umesikia, Fundi? Nilianguka jukwaani, sasa wananijengea jukwaa humo humo pajani! Mdogo wako anasema seli zinapanda kama mafundi, kila moja na ndoo yake." Akajipiga paja. "Siku nikikivua hiki chuma chako nitakipaka rangi nyekundu, nikitundike sebuleni, watoto wa dada yangu wakichezee."

Akacheka. Bawaba naye akacheka, kile kicheko cha meno tu, akainama kutafuta futi ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wiki sita Mama Rangi alilala na kufanyiwa mazoezi ya kitandani, kisha Bawaba akamvalisha chuma kipya. Kilikuwa kazi yake bora kuliko zote. Springi ilikaa ndani ya kikombe kidogo ubavuni mwa goti, na juu yake pete yenye namba, kumi na mbili mpaka sifuri. Kila Jumanne alitakiwa kuizungusha pete namba moja chini, springi ilegee kiasi hicho, na namba iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa. Wagonjwa watano wengine aliwafanyia hivyo hivyo. Jumanne mbili za kwanza alimfanyia Mama Rangi kama ilivyoagizwa, pete ikafika kumi. Msuli ulikuwa unaitika. Ukiweka kidole juu ya paja na kumwambia anyooshe goti, ulisikia kitu kikijikaza chini ya ngozi, kidogo mno, kama samaki anayegusa nyavu na kuondoka.

Jumapili iliyofuata Daktari alimleta Mama Rangi nyumbani, kwa sababu mama alitaka kumwona mtu aliyeota nyama. Walikaa mezani wanne. Mama Rangi alisimulia mambo yote, na kila sentensi ilikuwa na Daktari ndani yake. Daktari kasema, Daktari kapima, Daktari kaja wodini asubuhi hata chai hajanywa. Mama alikuwa akimimina mchuzi kwenye sahani ya mdogo huku machozi ya furaha yakimlenga.

Kisha akakumbuka kwamba pana mtu mwingine mezani. "Na huyu kaka yake naye," akasema kwa wema wote, "huwa anasaidiasaidia kukaza skrubu."

Bawaba akamtazama Mama Rangi. Alingoja. Mtu mmoja duniani alikuwa amesimama mlangoni na kutangaza kwamba huyu kanipa mguu wa pili.

Mama Rangi alikuwa na tonge mdomoni. Akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo, mama. Anatusaidia sana."

Mtu akikutukana una la kujibu. Akikwambia unasaidia sana, unajibu nini? Bawaba alimaliza kula, akaosha mikono, akaenda kukaa barazani peke yake, na kicheko cha wale watatu kikamfuata kupitia dirishani. Alimsikia Mama Rangi akisimulia ile hadithi ya rangi ya maziwa. Neno kwa neno, hata pale pa kunyamaza kidogo kabla ya kumalizia. Alidhani hadithi hiyo ilikuwa ya karakanani.

Jumanne alipokuja, Bawaba alichukua bisibisi ndogo, akalegeza skrubu mbili zilizoshika pete, akaizungusha pete peke yake mpaka tisa, akazikaza. Springi hakuigusa. Kwenye kadi akaandika tisa.

"Tayari?" Mama Rangi akauliza.

"Tayari."

"Mbona leo kimya? Unaumwa?"

"Kazi nyingi tu."

Alijiambia ni wiki moja, apunguze mwendo, haraka haraka haina baraka. Jumanne ya pili akajiambia vivyo hivyo. Ya tatu hakujiambia kitu. Namba ilishuka, springi haikushuka. Nane, saba, sita, tano. Mama Rangi alitembea vizuri kwa sababu springi ilikuwa inatembea kwa niaba yake, na ule msuli mchanga, uliobebwa mgongoni kila siku, ukalala.

Wiki ya nane wote sita walikalishwa kwenye mashine ya kupima nguvu. Mtu hufungwa mkanda kifundoni, anasukuma mbele, mashine inasoma. Watano walikuwa wamepanda, mmoja wao mara tatu ya alivyoanza. Mama Rangi alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mashine ikasoma vilevile kama wiki ya nne. Wakampa mapumziko, akarudia. Vilevile.

Daktari alikuja nyumbani jioni hiyo, akakaa jikoni bila kuvua viatu. Mama alipomuuliza ana nini akasema ni kichwa. Alipoondoka mama, akamgeukia Bawaba.

"Sielewi, kaka. Wote wanapanda, huyu kasimama. Chuma kiko sawa?"

"Kiko sawa."

"Kadi yake nimeiona, haina kasoro. Basi ni mwili wake. Labda unaukataa wavu." Akafunika uso kwa viganja. "Na huyu ndiye wa kwanza. Huyu ndiye niliyemwahidi."

Hapo Bawaba alisikia utamu. Tusimfiche, ndivyo ilivyokuwa. Miaka arobaini alikuwa hajawahi kumwona mdogo wake akiinamisha kichwa kwa kushindwa, na sasa alimwona, chini ya taa ya jikoni, na ule utamu ukamshuka kooni kama asali. Akamwekea mkono begani. Akamwambia, "Pole, mdogo wangu, ndiyo kazi." Kisha akaenda chumbani, akaketi kitandani, na utamu ukageuka nyongo.

Jumanne mbili zikapita na bado aligeuza pete tu, ikasoma tatu. Siku iliyofuata ndipo aliposikia maneno mapya, kutoka kwa dada wa mazoezi: madaktari wanataka kulifungua tena paja la Mama Rangi. Kama wavu umekataliwa hauwezi kuachwa humo, unaweza kuoza.

Bawaba alirudi karakanani, akafunga mlango. Akawaza kama wawazavyo watu waliokosa na hawataki kusema. Aliona njia fupi: ailegeze springi ifike pale namba inaposema, msuli uamke, mashine isome vizuri, na hakuna atakayejua. Akamwita Mama Rangi, akamwambia kuna mkanda anataka kuubadilisha. Alifungua kikombe, akailegeza springi kutoka kumi mpaka tatu kwa mara moja, akafunga.

"Leo tembea polepole," akamwambia.

"Kwani jana nilikuwa nakimbia?" Mama Rangi akasema, akatoka.

Kati ya karakana na jengo la mazoezi pana ngazi tano. Alipanda mbili. Ya tatu, goti likamwachia. Bawaba alisikia kishindo, kisha sauti ya chuma kikigonga saruji, na alikuwa wa kwanza kufika. Mama Rangi alikuwa ameanguka kifudifudi, mdomo umepasuka, mkono umekunjika chini yake. Hakupiga kelele, yeye mwenye sauti ile. Alikuwa akilitazama paja lake.

Walimlaza kwenye benchi la mazoezi. Mkono haukuvunjika. Daktari alikuja mbio kutoka maabara, akalikagua paja, akaketi kwenye ukingo wa benchi. Dada wa mazoezi alikuwa akimfuta damu mdomoni. Bawaba alisimama mlangoni.

"Sitaki kukudanganya," Daktari akamwambia Mama Rangi. "Namba ni tatu. Kwa tatu, msuli ungekuwa umekushika. Haukushika. Alhamisi ya wiki ijayo tutafungua, tutautoa. Utarudi kwenye chuma cha zamani."

Mama Rangi aliisogeza pamba pembeni ya mdomo. Kisha akaushika mkono wa Daktari.

"Nisamehe," akasema. "Nimekuharibia kazi yako. Najitahidi, haki ya Mungu najitahidi, kila siku nanyoosha mara mia. Sijui mwili wangu una nini. Usikasirike na mimi."

Bawaba alisikia maneno hayo, na lile alilokuwa amelishikilia wiki zote hizo likamtoka mkononi. Kama Mama Rangi angemlaumu mtu, yeye angevumilia. Lakini mwanamke amelala na mdomo uliopasuka, anaomba radhi kwa kosa lisilo lake.

Akaingia. Akachukua bisibisi kutoka mfukoni, akapiga magoti kando ya benchi, akafungua zile skrubu mbili, akaiinua pete na kuiweka juu ya shuka.

"Mwili wake haujakataa kitu," akasema. "Pete inazunguka peke yake, tazama. Namba nilizishusha. Springi sikuishusha. Ilikuwa kumi mpaka asubuhi hii. Leo ndiyo nimeilegeza yote kwa mara moja, na ndiyo maana ameanguka."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Dada wa mazoezi alibaki na pamba hewani. Wa kwanza kuelewa alikuwa Mama Rangi.

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

"Wiki ngapi?"

"Saba."

"Nilinyoosha mara mia kila siku kwa wiki saba," akasema polepole, "na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nimekukosea nini, Fundi?"

"Hujanikosea. Nilikuwa na wivu."

"Wivu wa nini?"

"Juu ya huyu." Akamwonyesha mdogo wake kwa kidevu, bila kumtazama. "Na ulisema utakivua."

Mama Rangi akajiinua kwa kiwiko. Akafungua mkanda wa kwanza, wa pili, wa tatu, akakichomoa chuma mguuni, akamwekea mikononi.

"Watu husema kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Mimi changu nilikivaa mwenyewe, nikakikaza na mikanda." Kisha akamgeukia dada wa mazoezi. "Niletee magongo. Huyu asiniguse tena."

Walipobaki wawili, Daktari alikuwa bado ameshika ile pete, akiizungusha kwa kidole gumba, kumi, tisa, nane. Bawaba alingoja matusi. Matusi yangekuwa nafuu.

"Nilishaandika kwamba tiba hii haimfai," Daktari akasema mwishowe. "Barua iko mezani kwangu. Na Alhamisi tungemfungua kwa kisu, tukatoa msuli mzima, tukautupa." Akaiweka pete chini. "Nilikuuliza jikoni, kaka. Ukaniwekea mkono begani."

Akatoka, akaacha mlango wazi.

Bawaba aliandika maelezo yake mwenyewe, kurasa mbili, akaupelekea uongozi wa hospitali kabla hajaitwa. Hawakumfukuza, kwa kuwa alijisema mwenyewe na kwa kuwa kadi za wale watano zilikaguliwa zikaonekana safi. Lakini walimwondoa kwenye vyuma vya wagonjwa. Wakampeleka stoo, atengeneze magurudumu ya vitanda na mipira ya magongo. Fundi mwingine aliletwa kutoka hospitali ya jirani, akaanza upya na Mama Rangi, kutoka kumi. Katika ripoti ya utafiti Daktari aliandika kila kitu kama kilivyotokea, na hakuandika "kaka yangu", aliandika "fundi".

Nyumbani Daktari aliacha kuja. Jumapili ya kwanza mama alimwekea sahani, ya pili pia. Ya tatu akamgeukia Bawaba. "Mdogo wako ana nini na sisi?"

Bawaba akamweleza. Hakuacha kitu, hata neno la kukaza skrubu, ingawa alilisema akiangalia sakafu. Mama alisikiliza akiwa ameshika mwiko. Alipomaliza, mama akafanya jambo ambalo Bawaba hakulitarajia. Alikasirika kwanza.

"Mtu mzima na mvi zako! Unamlemaza mguu mtoto wa watu kwa sababu ya maneno yangu mimi mzee?" Kisha sauti ikashuka. "Wewe hukuwa unalia. Mtoto anayelia ndiye anayebebwa. Nilimwona mwenzio analia kila siku, nikambeba. Wewe nilikuona umesimama, nikasema huyu yuko sawa." Akaurudisha mwiko kwenye chungu. "Lakini usinisingizie. Mkono uliogeuza ile pete haukuwa wangu."

"Haukuwa wako, mama."

Mwezi wa saba tangu siku ile, Bawaba alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu kwenye korido ya wodi ya watoto, akakuta karatasi zimetandazwa sakafuni na harufu ya rangi mbichi. Juu ya ngazi ya mbao, kipandio cha nne, alisimama Mama Rangi. Hakuvaa chuma. Alikuwa na suruali iliyokunjwa juu ya goti kwa ajili ya joto, na paja la kushoto lilikuwa limejaa. Halikufanana na la kulia, lilikuwa na bonde kidogo upande wa ndani na kovu refu, lakini alipoegemea mbele kufikia kona, msuli ulijikunja chini ya ngozi, wazi, ukambeba.

Ngazi ilitikisika kidogo. Bawaba akaacha kitanda, akanyoosha mkono.

"Usiiguse ngazi yangu," Mama Rangi akasema bila kugeuka.

Bawaba akarudi nyuma hatua mbili. Alimtazama akimaliza kona, akishuka kipandio kimoja kimoja, mguu wa kushoto ukitangulia na kushika. Alipofika chini alichovya brashi, akaifuta ukingoni mwa kopo.

"Wananiambia mashine inasoma theluthi mbili za mguu mzuri," akasema. Alikuwa akisema na kopo. "Yule mwenzangu aliyepanda mara tatu, yeye kapita hapo. Mimi sijui ningefika wapi. Hakuna anayejua."

"Nisamehe, Mama Rangi."

"Nimekusikia." Akapanda tena.

Bawaba alisukuma kitanda chake mpaka mwisho wa korido. Gurudumu lililia njia nzima.

Daktari alikuja mwezi uliofuata. Hakuja nyumbani, alikuja stoo, akasimama kati ya vitanda vilivyopinduliwa miguu juu. Alikuwa amekonda. Alisema wameruhusiwa wagonjwa ishirini, wengine wa bega, mmoja wa shavu la mguu, na yule fundi wa hospitali ya jirani vyuma vyake vinalia na vinawachubua watu. Uongozi umekubali Bawaba arudi, kama yeye Daktari ataridhia.

"Umeridhia?" Bawaba akauliza.

"Bado nina hasira na wewe."

"Haki yako."

"Lakini sijaona fundi mwingine." Daktari akaokota mpira wa gongo, akaugeuzageuza. "Mama Rangi nilimwambia kwamba nakuja. Kasema ni juu yangu. Halafu akanicheka, kasema nipake maabara yangu rangi ya maziwa, atanichagulia mwenyewe."

Bawaba alisikia ile sindano ya wivu ikimchoma, palepale pa zamani, kwa sababu ya rangi ya maziwa tu. Alishangaa. Miezi minane ya magurudumu, na bado ilikuwa inajua njia. Mdogo wake alikuwa anamtazama, na Bawaba akajua kwamba ameiona ikimpita usoni.

"Nitarudi," akasema. "Ila uniwekee mtu wa pili. Kila Jumanne mimi nalegeza, yeye anapima springi yenyewe kwa mizani, si pete, na anaandika yeye. Kadi nisizishike."

"Kaka, sidhani kama inafika huko."

"Weka mtu," Bawaba akasema. "Na siku nikikwambia mtu huyo hahitajiki tena, usinisikilize."

Daktari akafikiri kidogo, akatoa kalamu. Bawaba akamsogezea kigoda, kisha akaanza kumuuliza habari za yule mgonjwa wa bega, mkono unapanda mpaka wapi, na mifupa yake ya begani imekaaje.